UZI: Mchezaji mkubwa akisomwa amekwisha. Wa kipekee akisomwa ndiyo kwanza anaanza

Namba Sita (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kulizuka ubishi uliobakiza kidogo tu watu washikane mashati. Kijana mmoja mwenye jezi ya Real Madrid, mgongoni imeandikwa Hazard, alisimama akasema Hazard na Messi walikuwa kitu kimoja, kilichowatofautisha ni majeraha. Mzee muuza kahawa alikuwa mlangoni na birika lake, akamjibu bila hata kugeuka: "Kwa hiyo mimi na Bakhresa tofauti yetu ni hela tu." Kibanda kizima kikalipuka. Dakika chache baadaye umeme ukakatika, mechi hatukuimaliza, ila swali limenikaa kichwani mpaka leo nimeamua kufungua uzi.

Wachezaji wakubwa wako wengi. Kila ligi ya maana Ulaya ina kumi, kumi na tano. Lakini wale ambao ukiwataja hata bibi asiyejua ofsaidi ni nini anaitikia, hao unawamaliza kwa vidole. Nini kinawatenga? Wengi watasema kipaji. Nakataa. Kipaji wanacho wote, bila hicho usingekaa hata benchi la timu ya daraja la pili Ubelgiji. Wengine watasema mazoezi na kulala mapema. Wanaolala mapema ni wengi mno na hatuwajui majina.

Jibu langu nimelitoa mchangani, kwa hiyo twendeni mchangani kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nacheza namba sita, kiungo mkabaji, kwenye timu ya mtaa Temeke. Tulikuwa na winga wa kulia, jina simtaji maana bado yupo mtaani na ana heshima zake. Alikuwa na chenga moja. Nasema moja, siyo mbili. Anausimamisha mpira karibu kabisa na mstari, bega la kushoto linaingia ndani kana kwamba anakata kuelekea langoni, beki anahamisha uzito, halafu kwa nje ya mguu wa kulia anausukuma palepale kwenye chokaa na kuondoka. Vumbi likitulia, krosi ishapigwa. Misimu miwili ya ndondo hakuna aliyemzuia. Watu walitoka Keko na Mbagala kuja kuangalia chenga hiyo moja.

Siku ya nusu fainali wapinzani wakampanga beki tatu, yaani wa kushoto, ambaye hatukuwahi kumwona. Mtu mzima, fundi gereji, kitambi kinaanza kuchungulia, mbio hana. Tukacheka. Mpira wa kwanza winga wetu akaupokea, akafanya yake, bega likaingia ndani. Yule fundi hakutikisika. Alisimama upande wa mstari, ndani kaacha wazi kama mlango wa msikiti. Pita, karibu. Winga akabaki na mpira mguuni hajui aupeleke wapi, kwa sababu kupita ndani kulitaka mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto yeye alikuwa anausimamia tu. Mpira wa pili hivyohivyo. Wa tatu akalazimisha, ukatoka nje. Kocha anapiga kelele "ingia ndani, ingia ndani!" mpaka sauti ikakauka. Mapumziko akatolewa. Kuanzia Jumapili ile kila beki wa Temeke aliijua dawa, na mtu aliyekuwa anajaza uwanja akawa mchezaji wa kawaida. Mtaani walisema neno moja: ameshasomwa.

Sasa hoja yangu. Mchezaji mkubwa ana kitu ambacho wenzake hawana, na anakula nacho mpaka siku asomwe. Wa kipekee ni yule ambaye dunia nzima ilimsoma, ikamwandalia dawa, yeye akaja na ugonjwa mwingine.

Mchukueni Maradona. Kombe la Dunia 1982, Argentina na Italia, uwanja wa Sarrià, Barcelona. Claudio Gentile alipewa kazi moja: huyu mtoto asigeuke. Alimchezea rafu 23 kwenye mechi hiyo na hakutolewa nje. Italia wakashinda 2-1. Mechi iliyofuata, dhidi ya Brazil, Maradona akapandwa na hasira akampiga mtu teke, kadi nyekundu. Kila kocha duniani akaandika kwenye daftari: mkabe mtu kwa mtu, mgonge, atalipuka mwenyewe.

Miaka minne baadaye, Mexico. Mnaikumbuka mechi ya England, dakika nne kati ya goli la mkono na lile la kupita watu. Hiyo iacheni, kila mtu anaijua. Tafuteni fainali. Ujerumani Magharibi walimpa Lothar Matthäus kazi ya kumfuata kama kivuli na kwa muda mrefu kivuli kilifanya kazi. Maradona hakufunga siku ile. Argentina wakaongoza 2-0, Wajerumani wakarudisha yote mawili kwa kona. Zimebaki dakika kama sita. Mpira unamkuta Maradona katikati ya uwanja, unadunda, jezi za Wajerumani zimemzunguka. Yule wa 1982 angetaka kugeuka awapite. Huyu wa 1986 aliugusa mara moja tu kwa kushoto, ukapenya, na mwenzake Burruchaga akaondoka nao peke yake mpaka kwa kipa Schumacher. 3-2, kombe. Alijua wamejaa kwake, maana yake kuna mtu mahali fulani hana mtu. Dawa waliyomwandalia ndiyo aliyowanywesha.

Messi amefanya hivyo zaidi ya mara moja. Alianza kama winga wa kulia anayekata kushoto, mabeki wakaanza kumsubiri ndani. Tarehe 2 Mei 2009, Bernabéu, nyumbani kwa Real Madrid, kocha wa Barcelona Guardiola akampeleka Eto'o kulia na Messi akawekwa katikati, ila siyo pale straika anaposimama, nyuma zaidi. Mabeki wa Real, Cannavaro na Metzelder, wakabaki wanaangaliana: tumfuate au tubaki? Wakimfuata, Henry na Eto'o wanaingia nyuma yao. Wakibaki, anageuka na kuwakuta uso kwa uso. Barcelona walishinda 6-2. Na Qatar 2022, miaka 35, mbio zimekwisha, ndiyo akafanya lile la nusu fainali na Croatia. Gvardiol alikuwa na miaka 20, kijana ana nguvu, amevaa barakoa usoni, alikuwa beki bora wa mashindano kwa maoni yangu. Messi akamchukua kutoka pembeni karibu na mstari, akaenda, akasimama, akageuka kama anarudi nyuma, akaenda tena, wakafika mpaka mstari wa goli wakiwa wamegandana, halafu akamwekea Álvarez mpira mdomoni. Tazameni tena mkipata nafasi: hakumpita kwa mbio hata mara moja. Alimpita kwa kusimama.

Cristiano naye mnajua: yule wa Manchester wa kuzungusha miguu juu ya mpira pembeni na yule aliyeondoka Madrid na magoli 450 katika mechi 438 ni watu wawili tofauti. Winga alizikwa, akazaliwa mtu wa kwenye boksi.

Karibuni mnipinge. Ushabiki maandazi uacheni mlangoni.

Robo Fainali

Nakazia. Huyo mzee wa kahawa apewe uchambuzi wa redio.

Kitochi

Mtoa mada uzi mtamu ila una tobo kubwa: Robben. Huyo mtu alisomwa na dunia nzima. Watoto wa chekechea walijua anakata ndani na kupiga kwa kushoto. Mabeki walijua, makocha walijua, hata anayeuza karanga uwanjani alijua. Na bado alifunga miaka zaidi ya kumi. Kwa nadharia yako angekuwa fundi wa baiskeli Uholanzi. Jibu.

Namba Sita

Kitochi umenipiga pabaya, nakiri. Nina majibu mawili.

Kwanza, winga wetu wa Temeke alisomwa *nini* atafanya. Robben alisomwa nini atafanya lakini hakuna aliyesoma *lini*. Angeweza kugusa mpira mara mbili au mara sita kabla ya kukata, na beki akikosea nusu sekunde tu basi. Hiyo nayo ni akili, sikatai.

Pili, kumbuka goli lake kubwa kuliko yote. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2013, Wembley, dakika ya 89, Bayern yake na Dortmund. Alikata ndani kutoka kulia? Hapana. Ribéry alimwachia kwa kisigino, Robben akapita katikati ya mabeki, akamwekea kipa Weidenfeller mpira polepole kama anaweka yai mezani. Siku ya kombe hakutumia ile chenga yake. Mimi bado namweka kwa wakubwa, juu kabisa, mlango wa pili. Ule wa kwanza ni wa wale wa kipekee.

Kitochi

"Mlango wa pili" 😂 Haya. Ila hapo umejitoa kiaina.

Mtani wa Kirumba

Mkuu hoja nimeipenda lakini umeeleza kinachotokea, hujasema kinatokeaje. Mtu anawezaje kubadilisha jibu wakati mpira uko njiani? Kwa sababu ameshaona.

Nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 13 hapa Mwanza. Wako karibu thelathini, mipira tunayo sita, mmoja unavuja. Mtoto akisubiri pasi, macho yote yako kwenye mpira kama anasubiri sahani ya ubwabwa. Mpira ukimfika ndipo anainua kichwa, na hapo beki keshafika. Kwa hiyo nasimama nyuma ya mtoto nimeinua vidole. Kabla pasi haijamgusa lazima aseme ni vingapi. Wiki ya kwanza ni vurugu, mipira inapita chini ya miguu, wanachekana. Mwezi wa pili kakatokea kamoja, kadogo kuliko wote, viatu amevalishwa vya kaka yake. Kakasema "vitatu", kakapokea, kakapiga pasi, halafu kakaniambia: "Mwalimu, na yule wa kushoto anafunga kamba." Kweli, beki alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu na ndiko pasi ilikokwenda. Nililala na furaha siku ile.

Kuna profesa wa Norway, Geir Jordet, alikusanya picha za wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya England akawa anahesabu wanageuza kichwa mara ngapi kabla ya kupokea mpira. Waliokuwa wanaangalia sana ndio waliofikisha pasi zao zaidi. Lampard alikuwa juu kabisa kwenye orodha. Sasa Lampard alikuwa na chenga gani? Mbio zipi? Ila ana magoli 177 ya Ligi Kuu akiwa kiungo. Alikuwa anafika kwenye boksi kwa sababu alishajua nani hayupo.

Na Messi mnayemcheka kwamba anatembea, mwangalieni kichwa, msimwangalie miguu. Dakika za mwanzo anazurura kama mtu aliyepotelewa na funguo. Anatazama beki yupi anapanda, kiungo yupi mvivu wa kurudi. Mtoa mada unasema wa kipekee ni yule asiyesomeka. Mimi nasema wa kipekee ndiye msomaji. Anamaliza kuwasoma wenzake kabla wao hawajafungua ukurasa.

Namba Sita

Mtani hapo sina la kuongeza, umeupiga mwingi. Ningelijua hili miaka ile ningemwambia winga wetu ainue kichwa tu. Ndani kulikuwa kweupe dakika 45 nzima.

Huyo mtoto wa viatu vya kaka yake mtunze.

Mzee wa Jahazi

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu nyinyi mwafanya mpira kuwa hesabu. Mimi naja na jina moja, Ronaldinho, na simuelezi kwa dawa wala ugonjwa.

Stamford Bridge, Machi 2005. Mpira uko kwake nje kidogo ya boksi. Amesimama. Hatembei, hakimbii. Mbele yake ukuta wa mabeki wa Chelsea. Akatikisa kiuno mara moja, mbili, mguu uko juu ya mpira kama mtu asikilizaye taarabu, kisha akauchomoa kwa ncha ya kiatu. Petr Čech hakuruka. Hakuruka kwa sababu hakuna mtu duniani aliyemfunza kipa kwamba mpira waweza kupigwa kutoka hapo bila mguu kurudi nyuma. Barcelona walitolewa usiku ule, 4-2, na leo ni nani akumbuka magoli mengine?

Na Novemba mwaka huohuo watu wa Madrid wakasimama Bernabéu wakampigia makofi, timu yao imefungwa tatu. Wallahi, kumfanya mwenye nyumba akupigie makofi umemwibia kuku! Wamtaka awe wa kipekee miaka mingapi ndio mridhike? Hii nadharia ya kudumu ni ya watu wa benki.

Namba Sita

Mzee wangu shikamoo. Ronaldinho ndiye anayenipa shida kuliko wote, hata kabla sijaandika uzi huu nilimzunguka. Yeye hakusomwa na beki hata mmoja. 2004 na 2005 mchezaji bora wa dunia, 2006 Ligi ya Mabingwa, 2008 ameondoka Barcelona. Kilichoisha ni hamu, siyo chenga. Nikubali tu kwamba kwa miaka ile mitatu alikuwa na vyote, tena alikuwa anacheka. Ila mtu ukimuuliza "ingekuwaje kama…" na jibu liko mikononi mwake mwenyewe, roho inauma.

Mlinganishe na Ronaldo yule mwingine, wa Brazil. 1996/97 Barcelona, magoli 47 mechi 49, anaanzia katikati ya uwanja anafika langoni na mabeki watatu wamening'inia kwenye jezi. Novemba 1999 goti. Aprili 2000 anarudi uwanjani na Inter dhidi ya Lazio, hakumaliza hata dakika kumi, goti lilelile, mnakumbuka ile picha analia ameshika mguu. Mbio zile hazikurudi tena. Yule mtu alikwenda Japani na Korea 2002 akafunga magoli 8, mawili ya fainali. Magoli ya nani? Ya mtu wa kwenye boksi, anayenusa mpira utakaomponyoka kipa. Kahn, kipa wa Ujerumani, alikuwa amedaka mashindano yote kama ukuta, ukamtoka mmoja, Ronaldo alikuwa ameshafika. Alinyang'anywa silaha yake kubwa na bado akashinda vita. Huyo ndiye ninayemsema.

Yanga Damu

Kwa hiyo Aziz Ki wa Yanga na magoli yake 21 msimu wa 2023/24 ni mkubwa au wa kipekee? Jibuni haraka niweke bango.

Robo Fainali

Tulijua tu mtafika huku. Basi Chama wa Simba na kisigino chake dhidi ya Nkana ya Zambia aingie kwenye orodha kabla ya Cristiano.

Namba Sita

😂😂 Nilisema ushabiki mlangoni.

Ila kile kisigino tukiongelee kwa heshima. Desemba 2018, tulikuwa Uwanja wa Taifa, Simba walifungwa 2-1 mechi ya kwanza kule Kitwe na wanahitaji goli moja zaidi kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dakika za lala salama. Chama akautia kwa kisigino, Mzambia anawatoa Wazambia wenzake. Mimi ni wa upande wa pili, nilikwenda nikitarajia kuondoka na furaha, na nilijikuta nimesimama kama wale wa Bernabéu. Baadaye nilikanusha. Kisigino kile ni mambo ya ule mlango wa kwanza kabisa. Lakini tukio moja ni dirisha tu la nyumba, siyo nyumba.

Kamalondo

Jambo bandugu wa Tanzania. Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, mtanisamehe.

Nyote mwataja watu wa Ulaya na Amerika Kusini. Mimi nawaulizeni Trésor Mputu. 2009 Mazembe tulichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika naye, mwaka huohuo Congo tukachukua CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, akapewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Mimi nilimwona uwanjani, siyo kwenye simu. Alikuwa na ile kitu mwalimu wa Mwanza anaisema, anapiga pasi kabla mpira haujatulia, na mashabiki wote upande wetu tunageuza shingo kutafuta anampa nani. 2010 Mazembe tulifika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia kule Abu Dhabi na Inter, tukafungwa tatu, na yeye hakuwepo, alikuwa amefungiwa. Miaka yake mizuri aliitumia hapa nyumbani.

Swali langu: kama hakusomwa na mabeki wa Ulaya, kwa sababu hakukutana nao, tunamweka wapi? Samatta wenu alipitia kwetu 2011, 2015 tukachukua kombe naye, akaenda Genk akawa bingwa wa Ubelgiji, akafunga Wembley akiwa na jezi ya Aston Villa. Namheshimu sana. Lakini ukiniuliza nani alikuwa na mguu mzuri zaidi, nitakutajia Mputu, na watu wa hapa watakuambia hivyohivyo.

Namba Sita

Kamalondo hili bandiko limenikalisha chini. Kwa kipimo changu Mputu hakupewa mtihani, na mtu ambaye hakufanya mtihani huwezi kusema amefeli. Siwezi pia kusema amefaulu. Kipimo changu kinawapendelea waliobahatika kusomwa na mabeki bora duniani, na hao mara nyingi wamezaliwa karibu na uwanja wa ndege. Weah wa Liberia alipata nafasi hiyo akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, 1995, na tangu hapo hakuna Mwafrika mwingine. Sidhani kama sababu ni miguu yetu.

Glovu

Kama kawaida makipa tumesahaulika. Mtaani kwetu mwenye mpira alicheza straika, mwenye viatu alicheza kiungo, na asiye na vyote viwili akawekwa golini. Ndivyo nilivyoanza.

Niwape mmoja: Neuer, kipa wa Ujerumani, dhidi ya Algeria, Kombe la Dunia, Porto Alegre, 2014. Waalgeria walikuwa na mpango mzuri, mipira mirefu nyuma ya mabeki wazito wa Ujerumani wanaokaa juu. Kipa wa kawaida anakaa kwenye mstari anaomba Mungu. Neuer alitoka nje ya boksi tena na tena, anaokoa kwa miguu, kwa kichwa, mara moja alikuwa mbali nikajua leo anaumbuka. Ujerumani walipita kwa 2-1 muda wa nyongeza na mwisho wakabeba kombe. Tangu hapo mtoto anayetaka kuwa kipa anaulizwa kwanza: miguu unayo? Wengine wanafanya kazi yao vizuri sana. Huyu alibadilisha kazi yenyewe. Na Ballon d'Or ya kipa bado ni ileile moja ya Yashin, 1963. Aibu.

Binti Makorora

Nimesoma uzi wote tangu juu. Kurasa na kurasa, wanaume watupu. Marta wa Brazil mmemwacha wapi?

Mabao 17 ya Kombe la Dunia, Klose upande wa wanaume aliishia 16. Amefunga kwenye Kombe la Dunia tano tofauti, kuanzia 2003 mpaka 2019. Mchezaji bora wa dunia wa FIFA mara sita, tano mfululizo kuanzia 2006, halafu miaka ikapita, mkadhani ameisha, akachukua ya sita 2018. Kwa kipimo chako wewe mtoa mada mwenyewe cha kusomwa na kurudi, huyo ndiye mfano namba moja, na amecheza miaka yote hiyo kwenye mashindano ambayo nusu yenu hamkuyaangalia. Mimi nilicheza Tanga kwa kujificha, begi la viatu nalipitisha dirishani. Nilikuwa na picha yake ndani ya daftari la Jiografia.

Namba Sita

Dada, sina utetezi. Nimekosa. Ile ya sita ya 2018 ndiyo ingekuwa mfano wa kwanza wa uzi huu kama ningekuwa mwangalifu.

Kitochi

Haaland je? Magoli 36 msimu wa kwanza wa Ligi Kuu, rekodi. Ameshasomwa?

Namba Sita

Bado anakula mtaji wake wa kwanza. Siku mwili utakapopunguza mwendo ndipo tutajua kuna nini kingine stoo. Nisimhukumu mtu ambaye hajanyang'anywa kitu.

Jezi Namba 7

Mtoa mada, mimi ndiye yule kijana wa kibanda umiza. Nimetumiwa huu uzi na watu watatu tangu asubuhi.

Umetia chumvi mpaka chakula hakiliki. Sikusema Hazard na Messi walikuwa kitu kimoja. Nilisema msimu wa 2018/19 akiwa Chelsea, ule mmoja. Magoli 16 na asisti 15 kwenye ligi, halafu Baku, fainali ya Europa, Arsenal wamekufa 4-1, mawili ya kwake. Msimu ule beki yeyote angekuambia bora akutane na nyoka. Yaliyofuata Madrid, mechi 76 magoli 7, nayajua kuliko wewe, nimevaa hii jezi miaka yote hiyo na nimetukanwa nayo. Mwenzenu alivunjika kifundo cha mguu. Hamkumpa nafasi ya kugeuza huo ukurasa wenu.

Na mzee wa kahawa hakuwa mlangoni, alikuwa amekaa mbele yangu. Na umeme haukukatika. Mwenye kibanda luku ilimwishia.

Namba Sita

Dogo, pole kwa kukuanika. Kwa msimu huo mmoja nakupa haki yako, na hoja ya kifundo cha mguu imenigusa, ingawa Ronaldo wa Brazil naye goti halikumwomba ruhusa. Hilo tutabishana tukiwa tumekaa.

Luku nakubali. Nilikuwa nyuma sikuona.

Jumamosi njoo, kahawa juu yangu, kashata pia. Tuchange mia tano tano mapema tumpe mwenye kibanda anunue umeme.